Mji Mkongwe kwa Magurudumu na kwa Vidole

Boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili kufika Unguja. Abiria wenzangu walikuwa nje wakiitazama bahari, mimi nikiuwaza ubao wa kushukia. Ninatumia kiti mwendo tangu ajali ya barabarani iliyoniumiza uti wa mgongo, na mtu wa kiti mwendo huijua bandari kwa mwinamo wa ubao wake. Ukilala bapa, unashuka kwa raha zako. Ukiinama sana, unahitaji mikono ya watu.

Siku ile uliinama. Vijana wawili wa bandarini wakanijia. Mmoja alikuwa ameshanyoosha mikono kuninyanyua, mwenzake akamzuia: "Ngoja kwanza, tumuulize mwenyewe. Dada, tukushike wapi?" Safari nyingi nimeinuliwa kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo swali lile lilinipa moyo kuliko wangenikaribisha kwa ngoma. Nikawaeleza: shikeni fremu ya chini, msishike mikono ya kiti kwa sababu inachomoka; nishusheni nikitazama mbele, kiti kikiwa kimelazwa kidogo kwa nyuma. Binamu yangu, aliyenisindikiza kutoka Tanga, akachukua mabegi, tukatua kwenye bandari ya Malindi, Unguja, salama.

Nilikuja kutembelea makumbusho na majengo ya historia ya Mji Mkongwe. UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa ajili ya majengo yake ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na kwa jinsi Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wazungu walivyokutana hapa kwa karne nyingi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 11 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Urithi ukiitwa wa dunia nzima, na sisi tumo katika hiyo dunia. Nilitaka kujua tunaufikiaje.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa skuli, mtu wa Malindi, aliyepoteza uwezo wa kuona utu uzimani kwa presha ya macho. Miaka mingi aliwatembeza wanafunzi wake katika mji huu akiwa anaona; sasa anautembea kwa fimbo nyeupe na kwa kumbukumbu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akasema: "Mwanangu, nipe ruhusa niguse kiti chako, nijue upana wake." Akapima kwa mikono kutoka gurudumu hadi gurudumu, akafikiri kidogo. "Haya. Kuna vichochoro viwili nilitaka kukupitisha, navifuta. Tutazunguka." Akiwa hajauliza bei ya kukodi kiongozi wala habari za hoteli, alikuwa ameshanichorea ramani.

Tulianza kwa njia ya Mizingani, kando ya bahari, ambako ardhi ni tambarare na upepo haukatiki. Tukapita mbele ya Dispensari ya Zamani, jengo lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama ya tajiri wa Kihindi, Tharia Topan. Kisha tukaingia ndani ya mji.

Vichochoro vya Mji Mkongwe vina sifa mbaya kwa watu wa magurudumu, na sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Sakafu hubadilika kila hatua: saruji laini, halafu mawe yaliyopandana, halafu shimo lililozibwa nusu. Pikipiki hutokea kwenye kona bila kutangulizwa na sauti. Maji nilikunywa kwa vipimo, kwa sababu choo ambacho kiti mwendo kinaingia na mlango ukafungika ni kitu cha kutafuta kwa tochi, na mtu asiyekuwa na hakika ya choo hupanga siku yake yote kulizunguka jambo hilo.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya watalii havikuniambia. Mji Mkongwe umejengwa kwa ajili ya watu waliokaa. Nyumba baada ya nyumba ina baraza lake la mawe nje, na juu ya mabaraza hayo watu huketi wakinywa kahawa, wakicheza bao, wakisoma gazeti, wakisubiri adhana. Mimi, ambaye katika miji mingi hutazamwa kwa kuinamiwa, hapa nilipita uso kwa uso na wenye mji. Macho yao yalikuwa kwenye kimo cha macho yangu. Mzee mmoja alisogeza kikombe chake akasema, "Karibu, bibie, egesha hapa," nami nikaegesha kando ya baraza lake bila mtu yeyote kuinuka wala kuinama. Kivuli cha nyumba ndefu kilitukinga jua la saa sita. Tulizungumza habari za Tanga na bei ya karafuu, na kwa muda wote huo hakuna aliyeniuliza nilipatwa na nini.

Kisha Mwalimu akatupeleka kwenye milango. Alisimama mbele ya nyumba moja, akapiga hodi kwa sauti ili wenyewe wasishtuke kumkuta mtu akipapasa mlango wao, na alipoitikiwa "hodi, karibu" akaanza kusoma kwa vidole. "Huu hapa katikati ni mfaa. Huku mlango dume, huku mlango jike. Sasa shuka pembeni kwenye fremu: mnyororo, pete baada ya pete. Wazee wakituambia ni ulinzi wa nyumba." Akahamia kwenye kizingiti cha juu. "Hapa ni bapa, pamenyooka. Huu ni wa mtindo wa Kiarabu wa zamani. Ukikuta umeviringwa juu kwa tao, ujue ni wa baadaye, na mkono wa mafundi wa Kihindi umepita." Akagusa misumari ya shaba iliyochongoka, akatuhadithia kwamba asili yake ni Bara Hindi, ambako iliwekwa kuwazuia tembo wa vita.

Nami kutoka kwenye kiti niliona kitu ambacho binamu yangu hakukiona mpaka nilipomwonyesha. Nakshi huanzia chini kabisa ya fremu, karibu na ardhi, mahali ambapo aliyesimama hainami kutazama. Samaki, mawimbi, mashina ya mimea yakipanda. Fundi aliyekaa chini na patasi yake alianza kazi pale nilipokuwa nikitazama. "Hapa ndipo makumbusho yangu," Mwalimu akasema. "Hakuna kioo, hakuna kiingilio, na hakuna mlinzi wa kuniambia nisiguse."

Tatizo ni kizingiti. Milango hiyo mizuri mara nyingi ina kizingiti cha mbao kilichoinuka, na nyuma yake ngazi iendayo juu ambako zamani palikuwa na maisha ya nyumba na leo pana maonyesho, hoteli na mikahawa. Katika nyumba moja ya maonyesho ya watu binafsi, ambayo sitaitaja, mhudumu alimwangalia binamu yangu akamuuliza, "Yeye anataka nini?" Binamu akajibu, "Muulize mwenyewe, anakusikia." Tukaambiwa mimi na Mwalimu tungebaki nje, binamu apande, atuletee picha za simu. Picha kwa mtu asiyeona! Hatukukasirika kwa sauti. Niliomba kitabu cha wageni, nikaandika tulichokutana nacho na tulichopendekeza: chumba cha chini kiwe na sehemu ya maonyesho, na wahudumu wafundishwe kumsemesha mgeni mwenyewe. Yote mawili yanaweza kufanyika bila kugusa jiwe hata moja la ukuta.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alilifunga soko hilo mwaka 1873, na mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya ngano za Unguja, ndiye aliyesimamia ujenzi. Mahali pa madhabahu ndipo inaposemwa ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Ndani mna msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ule ambao moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa chini yake.

Mwalimu alikuwa na hamu ya nguzo. Kuna nguzo ndogo kanisani ambazo wenyeji husimulia kwamba mafundi waliziweka juu chini wakati askofu hayupo. Mtu anayeona hutupia jicho akapita. Mwalimu alizipapasa taratibu, akakikuta kitako cha nguzo kikiwa juu, akacheka kwa furaha ya mtu aliyehakikisha habari aliyoifundisha miaka yote. Mlinzi alimtazama, akamwacha. Ruhusa ile ya kimya ilikuwa huduma bora kuliko bango lolote.

Nje kuna mnara wa kumbukumbu wa Clara Sörnäs, msanii wa Uswidi, wa mwaka 1998: sanamu za watumwa wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Shimo liko chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo kila mtu hulitazama akiwa juu, na kwa mara moja nilikuwa sawa na wageni wote. Mwalimu yeye hakupata kitu. Sanamu ziko mbali na mkono. Kijana aliyetuongoza, alipotambua, alianza kusimulia upya: idadi yao, wanavyoangalia, nyuso zilivyo, mnyororo unavyotoka shingo hii kwenda ile. Alisema polepole na kwa makini. Hata hivyo kielelezo kidogo cha kushika, chenye maelezo ya nukta nundu pembeni, kingemfikishia kila mgeni asiyeona jambo hilo bila kutegemea bahati ya kumpata kiongozi mwenye moyo. Na kiziwi aliyesimama palepale asingenufaika na sauti ya kijana yule hata kidogo. Kiongozi mmoja anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania, au filamu fupi ya alama kwenye simu, ingemfungulia ua mzima.

Kisha vyumba vya chini, vile ambavyo wageni huonyeshwa kama mahali walipofungiwa watumwa kabla ya kuuzwa. Ngazi ni nyembamba, dari liko chini kiasi kwamba watu wazima huinama. Kijana alijitolea kunibeba. Nilimshukuru, nikakataa. Kubebwa mgongoni na mtu nisiyemjua, kuingia mahali palipokumbukwa kwa watu waliochukuliwa bila hiari yao, ni jambo ambalo mwili wangu ulilikataa, nami nauheshimu mwili wangu unaposema. Mwalimu alishuka na binamu. Aliporudi aliniambia: "Nimeinua mkono, dari likanigusa kabla mkono haujanyooka. Nimekaa kwenye jiwe lao. Mnyororo ni mzito, mwanangu, na ni baridi."

Sitadai kwamba vyumba vile vichimbwe ili kiti changu kipite. Ufinyu wao ndio ushahidi wenyewe, ukiupanua, umeufuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unalijua hilo. Ibara yake ya 30 inazitaka nchi kuhakikisha tunafika kwenye majumba ya makumbusho na kumbi za sanaa, na kuhusu minara na maeneo ya urithi wa taifa inasema kadiri inavyowezekana. Maneno hayo hayampi mtu ruhusa ya kukaa bure. Palipo na ngazi isiyoondoleka, lazima pawepo njia nyingine ya kuufikia ukweli uliomo: kielelezo cha chumba chenye vipimo vyake halisi, sauti na picha katika chumba cha juu, mnyororo wa kushika. Mkunazini pana maonyesho ya biashara ya watumwa yaliyofunguliwa mwaka 2016. Mahali pa kuongeza vitu hivyo pameshapatikana.

Zanzibar ilikuwa na sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, na ikatunga mpya mwaka 2022. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, umekuwa ukidai mambo haya kwa miaka mingi. Kilichobaki ni sheria kufika kwenye mlango wa jengo.

Jioni Mwalimu alitupeleka Forodhani. Bustani hii ilifanyiwa ukarabati mkubwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, na kiti changu kiliuhisi ukarabati huo kabla macho hayajauona. Njia ni pana na sakafu imelingana. Nilijisukuma mwenyewe, mikono yangu juu ya magurudumu yangu, kati ya meza za pweza na juisi ya miwa, binamu yangu akiwa mbali akichagua mishikaki. Mji uleule wa mawe, bahari ileile, lakini walioutengeneza mara hii walikumbuka miguu ya kila aina.

Ng'ambo ya barabara kuna Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Ngome hiyo imekuwa gereza, imekuwa karakana ya reli, na leo ni ukumbi wa wazi wa maonyesho. Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilianza mwaka 1998, na Sauti za Busara mwaka 2004, na yote mawili yameifanya ngome hii nyumba yao. Ua wake uko usawa wa ardhi. Kwenye jukwaa la duara viti ni ngazi za mawe, nami nafasi yangu ni chini, mbele. Ningependa siku moja nafasi hiyo iwekewe alama, ili mwenye kiti mwendo aikute ikimsubiri na asiombe kila mara watu wasogee.

Kati ya ngome na jumba la kifalme limesimama Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, likiwa limezungushiwa uzio wa ujenzi. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa sherehe za dola yake. Likapigwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, likabaki limesimama. Baadaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, na uani mwake kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Mwalimu aligeuza uso kuelekea lilipo. "Unajua kwa nini wananchi waliliita la maajabu?" akaniuliza, kwa sauti ya darasani. "Lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme. Na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti."

Hapo ndipo mawazo yangu ya safari nzima yalipokusanyika. Nimeambiwa mara nyingi, kwa upole, kwamba majengo ya kale hayaendani na watu kama mimi. Kwamba lifti na mteremko ni mambo ya kisasa, nayo yataharibu asili. Asili ipi? Jengo mashuhuri kuliko yote katika Mji Mkongwe lilisifika kwa sababu lilikuwa na lifti. Wazee wa mji huu hawakuona haya kuweka mashine mpya ndani ya mawe ya matumbawe, waliona fahari. Lifti ni sehemu ya urithi wa Zanzibar kama ulivyo mlango wa nakshi. Tofauti ni kwamba ile ya zamani ilipandisha wakubwa, na sisi tunaomba itakayompandisha kila mtu.

Wala hatuombi kisichowahi kutendeka. Tarehe 3 Desemba 2020, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, Ugiriki ilizindua lifti mpya ubavuni mwa mwamba wa Akropoli, Athens, penye mahekalu ya karne ya tano kabla ya Kristo. Mwezi huohuo Beit al-Ajaib lilianguka. Madrid nako, chama cha wasioona cha Hispania, ONCE, kilifungua mwaka 1992 makumbusho ambayo vielelezo vyake vya majengo mashuhuri vimewekwa ili vishikwe. Kazi ya namna hiyo inapaswa kuanza kwa kutuita mezani kabla ya kuchora ramani. Beit al-Ajaib linajengwa upya sasa, na huu ndio wakati ambao lifti, vyoo vipana, maelezo ya nukta nundu na vielelezo vya kushika huingizwa kwa gharama ndogo. Ukuta ukishapigwa chokaa, tutaambiwa tumechelewa.

Wenzangu wa magurudumu na wa fimbo nyeupe, na ninyi wa lugha ya alama, nawashauri mwende. Pitieni njia ya bahari kutoka Malindi hadi Forodhani, ni tambarare. Ingieni vichochoroni asubuhi, kabla pikipiki hazijawa nyingi, na mwenyeji anayejua upana wa njia. Pigeni hodi kwenye milango, ombeni kuigusa. Ulizeni bei ya kiingilio, na palepale ulizeni choo kiko wapi na ghorofa ya juu inafikiwaje, hata kama mnajua jibu. Na kila mahali penye kitabu cha wageni, andikeni kwa majina yenu mlichokiona na mlichozuiliwa. Wasimamizi wa urithi ndio wenye vitabu hivyo, na hawawezi kumjengea njia mgeni ambaye jina lake halimo.